Semeni wa Kilo Saba

Msomaji mwenzangu uliyeoa, au uliyeolewa, au unayeishi tu na watu wanaovaa nguo, sogea karibu. Haya yaliyonipata yangeweza kukupata wewe, na kama bado, ni kwa kuwa dada wenu wa kazi hajaomba ruhusa ya kwenda kusalimia kwao.

Wetu aliomba wiki mbili. Akaenda Njombe na begi moja, la pili akaliacha kitandani mfano wa rehani, nasi tukajipa moyo kwa lile begi. Mwezi mzima tukawa tunalitazama. Mwezi wa pili kitinda mimba wangu Hamza, ambaye humu ndani anaitwa Fundi Bomoa, akalifungua, akakuta magazeti ya zamani na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Ndipo mama watoto alipotangaza rasmi kwamba dada harudi.

Mama watoto namwita Mkaguzi, bila shaka si mbele yake. Ni mwanamke anayedai risiti hata kwa muuza nyanya. Rundo la nguo lilipofika usawa wa dirisha, akaniita sebuleni akanihesabia laki tisa mezani, noti moja moja, kisha akazihesabu tena kinyumenyume.

“Baba Zuhura, kesho nenda Kariakoo ulete mashine ya kufulia. Otomatiki.”

Alikuwa ameiona kwa shoga yake. Unatia nguo, unatia sabuni, unabonyeza, unajifunga mtandio unakwenda zako kwenye kikao. Ukirudi unakuta nguo zimefuliwa, zimesuuzwa, zimekamuliwa, zinakungoja wewe tu uzianike. Alivyokuwa akiisimulia ungedhani anamsimulia mkwe mwema.

Kariakoo nikampata kijana mmoja mwenye ulimi wa asali. Akaniambia, mzee, mashine ni za aina mbili, kuna full na kuna semi. Full ilikuwa laki tisa na nusu, semi laki nne.

“Semi maana yake nini?”

“Otomatiki hiyohiyo mzee, ila nusu.”

“Nusu ipi?”

Kijana akacheka. Na mimi nikacheka. Hapo, ndugu yangu, ndipo nilipopotea. Lile swali nililiuliza vizuri kabisa, nikaliacha lipite bila jibu kama basi lililojaa.

Kwa haki yake, kijana hakunidanganya. Alinieleza kwamba ile full inataka maji ya bomba yenye presha, yaingie yenyewe kila inapoyahitaji, yakikosekana inasimama katikati na kukuwashia taa. Semi haina makuu, unaimwagia kwa ndoo. “Kwenu maji yanatoka kila siku?” Nikalikumbuka simtanki letu na nyufa zake. Akamalizia, “Si unajua mzee, heri nusu shari kuliko shari kamili.” Mimi mtoto wa Pangani, niliyelelewa na bibi aliyekuwa akiagiza chumvi kwa methali, nikashindwa na methali ya muuza duka. Ile chenji ya laki tano sitaieleza sana. Gari lilikuwa na tairi mbili zilizobaki nyuzi, na kikundi chetu kilikuwa kinanidai. Tuendelee.

Nyumbani nikasema, “Nimeleta otomatiki.” Sikusema uongo, nilisema nusu ya neno. Ile nusu nyingine ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa nyeusi kwenye boksi, nami nikalichana boksi hapohapo mlangoni, nikampa Fundi Bomoa atengenezee basi.

Hila yangu ilikuwa na matundu mawili. La kwanza ni dereva wa kirikuu, aliyefika akapaza sauti mtaa mzima usikie: “Semi hiyo, ishusheni taratibu!” La pili ni mama mkwe.

Mama mkwe yuko kwetu tangu mwezi wa tatu, alikuja kliniki ya macho. Macho yamepona, yeye amebaki. Simsemi vibaya, ni mama mwema na mpishi wa mchuzi wa nazi usio na mfano. Ila tunamwita Bi Redio kwa sababu lolote linalotokea kwetu saa mbili, Korogwe linasikika saa mbili na robo. Siku ile alikuwa barazani anachambua mchele. Akasikia “semi”, akaelewa “Semeni”.

“Semeni ndiyo nani?” akaniuliza.

“Mashine, mama.”

“Haya. Karibu Semeni.” Tangu hapo mashine ikawa na jina la kike. Usiku nikamsikia kwenye simu akiwaambia watu kwamba mkwe kamleta Semeni kutoka Kariakoo, mweupe, mnene, kawekwa koridoni.

Koridoni ndipo ilipowekwa kweli. Mkaguzi alikataa isikae uani, akasema wezi wa siku hizi wanaiba hata kamba ya nguo. Kwa hiyo mpira wa maji machafu ukapitishwa mlango wa nyuma hadi kwenye mtaro. Mpira wenyewe sharti ulale chini. Mashine hizi za mapipa mawili nyingi hazina pampu, maji yanatoka kwa kuteremka tu, na ukiuinua mpira juu ya usawa wa maji yanabaki yanakutazama. Mpira ukumbuke, tutakutana nao.

Jioni ile ile binti yangu mkubwa akanivuta pembeni. Zuhura yuko chuo kikuu anasoma mambo ya lugha, jina lake la nyumbani ni Kamusi. “Baba, pale mbele ya vitufe pameandikwa semi. Mama anajua?” Nikamnunulia bando la wiki. Bando likamfunga mdomo kwa mama yake, kwangu likamfungulia mhadhara. Akaniambia neno lenyewe ni chotara, kichwa cha Kilatini na kiwiliwili cha Kigiriki. Semi ni nusu ya Warumi. Otomatiki ni ya Wagiriki, kwao automatos ilikuwa kitu kinachotenda kwa nia yake chenyewe. Katika Iliad milango ya mbinguni inajifungua yenyewe hivyo, na mungu mhunzi Hephaestus anaunda meza za miguu mitatu zenye magurudumu ya dhahabu, zinakwenda zenyewe kwenye baraza la miungu na kurudi nyumbani.

“Na sisi tukisema nusu otomatiki?”

“Nusu ni ya Waarabu, baba. Sasa Mwarabu kashika kichwa, Mgiriki mwili, na Mwingereza ndiye dalali.”

Hili likanipendeza. Kiswahili chetu hakina choyo na nusu. Mjerumani alipotuachia kaputi yake, tukaitia nusu ya Mwarabu tukapata nusu kaputi, mtu analala anapasuliwa na anaamka. Tuna nusu saa na nusu mkate. Tuna nusu fainali pia, hatua ambayo hakuna aliyewahi kubeba kombe lake. Wakati ule hilo la mwisho sikulitilia maanani.

Jumamosi ikafika. Mkaguzi alikuwa na kikao cha kitchen party Segerea na hakutaka kuchelewa. Nilikuwa nimeamka alfajiri nikaijaza mashine ndoo nne, nikamwambia naisaidia tu kuanza. Akatia nguo, akatia sabuni ya unga, akazungusha swichi, sahani ya chini ikaanza kuzunguka, huku mara moja, kule mara moja. Akatabasamu. Miaka kumi na tisa ya ndoa, tabasamu lile nimeliona mara nne.

“Nguo za mama nimezitia kwanza, zimekaa sana,” akasema akivaa viatu. “Wewe kaa tu. Inafua yenyewe.”

Nikakaa. Dakika ya nne hivi feni ya sebuleni ikasimama. Uniti zimeisha, na aliyeambiwa anunue LUKU tangu Alhamisi ni huyu anayekusimulia. Lakini nikasikia koridoni tik tik tik, nikasema alhamdulillahi, yenyewe inaendelea. Kumbe ndugu yangu, saa ya mashine hii ni ya springi, ukishaizungusha inajirudia hata dunia ikizimika. Ilihesabu dakika zake kumi na tano kwa uaminifu mkubwa, ikagonga kengele, na nguo zilikuwa zimelala usingizi katika povu. Kwa hiyo katika nusu yake ya otomatiki, siku ile ilikuwa imefanya kazi saa peke yake.

Nikanunua umeme, nikazungusha upya. Safari hii ikafua kweli. Kengele ikagonga, ikanyamaza. Mimi nikawa nangoja. Ninakiri kwamba ningali nikitumaini jambo fulani litatokea lenyewe. Nikachungulia. Nguo zimefuliwa, zinaelea katika maji meusi, na upande wa pili, ule wa kukamulia, ni mtupu, mkavu, mdomo wazi. Ndipo swali langu la Kariakoo likarudi na jibu lake. Nusu ipi? Nusu ya kuzitoa nguo huku kwa mikono na kuzitia kule.

Na nguo zilikuwa za mama mkwe.

Kama wewe ni mtu wa kwetu huhitaji maelezo. Mimi kandambili za mama huyu nazizunguka, sizivuki. Kitanda alichokaa mimi sikikalii. Akiingia sebuleni napunguza sauti ya televisheni na ya moyo wangu. Leo nitie mikono ndani ya pipa nimpangue? Yule kijana angeniambia tu, mzee, ile laki tano na nusu ya tofauti ndiyo pazia kati yako na nguo za mkweo, ningekopa.

Zuhura yuko chuoni. Mama mwenyewe kajilaza mkekani sebuleni, kachoka. Fundi Bomoa yuko uani anaendesha basi la boksi. Nikaingia jikoni, nikatoka na mwiko wa ugali.

Nilizungusha kwanza swichi ya kumwaga, maji yakaanza kushuka mpirani kwenda mtaroni, vizuri. Nikatumbukiza mwiko. Sasa, kanga ndani ya mashine hizi haibaki kanga. Sahani ikishazisokota huku na kule zinakuwa kamba ya jahazi. Nikanyanyua donge moja lenye kanga tatu, gauni, na vingine ambavyo niliviangalia kwa jicho la pembeni tu, nikalitupa upande wa kukamulia. Likaegemea ukuta mmoja. Kuna kisahani cha plastiki cha kukandamizia nguo zisiruke, nacho nilikiona, nikadhani ni kifuniko cha ndoo. Nikafunga mfuniko, nikazungusha swichi.

Ilianza kwa kutetemeka. Kisha ikapiga ukuta, dum. Ikajitupa upande wa pili, dum. Halafu, Wagiriki walikuwa watu wa kweli, ikaanza kutembea. Kwa nia yake yenyewe. Ilichomoka kwenye kona ikashika njia ya korido kuelekea sebuleni, nami nimeikumbatia kwa mikono miwili, inanivuta. Kamusi aliniambia baadaye kuwa mashine ya kwanza ya nyumbani iliyokuwa otomatiki kamili, ya kampuni ya Bendix huko Marekani mwaka 1937, ilibidi ifungwe sakafuni kwa bolti isihame. Laiti mhadhara wake ungefika huko mapema.

Mpira sasa. Mashine ilivyokuwa ikitembea iliuvuta mpira nyuma yake, ukatoka mtaroni, ukapanda kizingiti, ukaingia ndani, na maji ya povu yaliyokuwa yakienda nje yakageuka pamoja nao, yakatutangulia sebuleni.

“Baba, si ufungue mfuniko?” Ni Fundi Bomoa, kasimama mlangoni na usukani wa boksi. Akapita chini ya kwapa langu, akainua mfuniko kwa kidole kimoja. Breki ikashika, pipa likasimama, mashine ikatulia kama haikufanya lolote. Mtoto wa miaka tisa, ambaye kila alichokigusa katika nyumba hii kimeharibika, siku ile ndiye alikuwa fundi.

Nikasikia nyuma yangu chwa, chwa, chwa. Sikutaka kugeuka, lakini kabla sijageuka nilikuwa nimeshapeleka mwiko kwenye pipa kuona kama kuna madhara, na nilipogeuka mwiko ulikuja na kitu. Mama mkwe kasimama katika povu la vifundoni, kapandisha kanga kwa mkono mmoja, mkono wa pili kabeba mkeka unaochuruzika. Na mimi mkwewe, mbele yake, nimeinua mwiko wa ugali wenye shimizi lake, limejitandaza kama bendera siku ya sikukuu.

“Mkwe.”

“Naam, mama.”

“Huo ni mwiko wa ugali?”

“Ndiyo, mama.”

Akafikiri. “Basi leo tule wali,” akasema, akaenda zake barazani, na muda si muda nikasikia simu yake ikilia kule kwa mtu mwingine.

Mkaguzi alirudi saa kumi. Nilikuwa nimeshapiga deki mara mbili, lakini yeye haoni sakafu, anaona hesabu. Akatazama mashine ilipokuwa, akatazama ilipo. Akainama mbele ya vitufe, akasoma polepole, kwa kidole.

“Se-mi.”

Nikanyamaza.

“Semi ni nini?”

“Nusu.”

“Nusu nyingine iko wapi?”

“Ile ni ya mkono.”

“Mkono wa nani?”

Msomaji, nilisoma shule ya bweni, nimehojiwa na mabosi, nimesimamishwa na trafiki pasipo leseni. Sijawahi kuulizwa swali fupi na lenye upana kama lile. Akafuata la risiti, na la risiti halikuchukua muda, kwa sababu tairi mbili mpya hazifichiki.

Hukumu ilitoka kabla ya chakula. Kila Jumamosi, asubuhi, mimi na Semeni. Nguo za mama zinahamishwa na Fundi Bomoa, mjukuu hana mwiko kwa bibi. Nilizobakiwa nazo ni za watu watano na mapazia. Na nimekuwa mjuzi, sikufichi. Najua kwamba donge lazima lifumuliwe, nguo zipangwe duara sawasawa, kisahani kikandamizwe mpaka chini. Najua shuka moja haikamuliwi peke yake, inataka mwenzake wa upande wa pili. Majirani wananisikia nikiongea nayo: taratibu Semeni, tulia Semeni. Bi Redio naye ananisikia, na hapo ndipo habari ilipovuka Korogwe.

Wiki iliyopita ikaingia simu ya mjomba, kaka yake mama mkwe. Huyu alipigana vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na mpaka leo akikuita kula anakuita kwa sauti ya gwaride. Tunamwita Mjomba Kamanda, na yeye anapenda.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Huyo Semeni ni nani?”

“Mjomba?”

“Dada yangu ananiambia kila Jumamosi uko koridoni na Semeni, mke wako yuko sebuleni anatazama. Unamtuliza kwa sauti laini. Familia inataka kujua.”

“Mjomba, si mtu! Ni semi. Semi otomatiki.”

Kukawa kimya kirefu. Nilifikiri uniti za simu zimeisha. Aliporudi sauti ilikuwa imeshuka, sauti ya mtu aliyelala chini kifudifudi.

“Una semi otomatiki ndani ya nyumba yenye watoto?”

“Ndiyo mjomba. Iko koridoni.”

“Una kibali?”

“Kibali alitoa Mama Zuhura mwenyewe, ila alidhani ni full.”

“Full!” Nikamsikia akivuta kiti. “Sikiliza, kijana. Unajua tofauti yake? Otomatiki kamili ukibonyeza kidole ukashikilia, inamwaga mpaka iishiwe. Semi inajitoa ganda yenyewe, inajipakia risasi yenyewe, lakini haitoki mpaka uivute tena. Ile SAR unayoisikia kwenye taarifa za polisi, hiyo S ndiyo semi. Kila risasi na kidole chake. Umeelewa?”

Nikamwambia nimeelewa. Na nilielewa kuliko nilivyoelewa Kigiriki na Kilatini na muuza duka wa Kariakoo. Kila risasi na kidole chake. Hicho ndicho kijana alitakiwa kunijibu.

“Sasa niambie ukweli,” akasema mjomba. “Hiyo yako inachukua ngapi?”

“Kilo saba, mjomba.”

Alipoipata tena sauti yake akaniamuru nisiiguse. Nisiisogelee, nisimruhusu mtoto yeyote kupita koridoni, mpaka afike yeye mwenyewe. Anaingia Jumapili, basi la asubuhi. Nikamshukuru kwa heshima zote, nikakata simu, nikaenda moja kwa moja sebuleni kumweleza Mkaguzi kwamba Jumamosi hii, kwa amri ya mjomba wake, mashine haiguswi.

Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaingia stoo, akatoka na beseni.